Awuor, Mfupishaji wa Marehemu

Nilimfundisha Valarie Awuor Kiswahili kwa miaka minne katika shule moja ya upili pale Gilgil, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupata zaidi ya alama mbili kati ya kumi na tano kwenye swali la ufupisho. Hata hizo mbili nilimpa kwa huruma, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri. Siku moja nililetea darasa kifungu cha maneno mia mbili kuhusu ufugaji wa nyuki, wakifupishe kwa maneno sitini. Awuor aliandika mia mbili na kumi na nne. Alikuwa amemwongeza shangazi yake aliyewahi kukimbizwa na nyuki Naivasha mpaka akaingia kanisa lisilo lake. Kazi ile niliisoma mbele ya darasa, nikisimama kila penye shangazi ili wenzake wapate nafasi ya kucheka. Siku hizo nilidhani huko ndiko kufundisha.

Kanuni zangu zilikuwa nne na kila mwanafunzi wangu alizijua kama sala: toa mifano, toa marudio, toa majina ya watu, hesabu maneno. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoipenda. Neno la sitini na moja nililikata kwa kalamu nyekundu hata kama ndilo lililobeba maana. Nilifundisha hivyo miaka thelathini na mmoja, nikapewa saa ya ukutani, nikarudi nyumbani Mau Narok.

Leo ukiuliza mjini Nakuru ni nani anayejua kufupisha maandishi, hakuna atakayekutajia mimi. Utapelekwa kwa Awuor. Ana saiba ghorofa ya kwanza, mlango wa pili ukipita wanaouza nguo za mitumba za watoto. Babu yake aliletwa Nakuru na reli, baba yake akazeekea karakana za reli, naye akarithi kutoka kwao tabia ya kufika kazini kabla ya saa. Ana kompyuta nne, tatu zinawaka. Mlangoni pameandikwa: Kuchapa, Kopi, Picha za Pasipoti, Programu za Mazishi. Hizo tatu za kwanza humpatia sukari. Ya nne ndiyo iliyompa jina.

Kwetu huku mtu hazikwi mpaka asomwe. Wasifu wa marehemu huanzia kuzaliwa, ukapita shule ya msingi na vyeti, ukazunguka kila mji alikopanga chumba, ukatua kwenye ugonjwa, hospitali ya kwanza, hospitali ya pili, mpaka jina la daktari aliyesema mambo yako mikononi mwa Mungu. Ilifika mahali, katika mazishi fulani ya Subukia, wasifu ukasomwa mpaka mvua ikanyesha, ikaacha, ikanyesha tena, na kaburi likajaa maji. Mapasta wakakutana. Wakatoa amri: ukurasa mmoja, dakika tano, asiyeweza atafute kanisa lingine. Nimeona familia zikilia kwa sababu ya amri hiyo kuliko zilivyomlilia marehemu.

Ndipo watu wakaanza kupanda ngazi za Awuor wakiwa na madaftari. Yeye mwenyewe hakujua lolote. Wasifu wa kwanza, wa mama mmoja wa kurasa sita, aliupunguza herufi mpaka zikawa ndogo kama chawa, ukaenea ukurasa mmoja sawasawa. Msomaji akauinua juani, akaushusha, akausogeza puani, akafika darasa la tano akasema, “Mengine mnayajua.” Wa pili akaukata pale ukurasa ulipoishia, kwa hiyo marehemu akaachwa mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nne akiwa ameajiriwa tu kwenye shamba la maua, buheri wa afya. Waombolezaji walizika mtu ambaye kwa mujibu wa karatasi alikuwa bado anaenda kazini.

Mwingine angeachana na kazi hiyo. Awuor alianza kwenda mazishini. Alikuwa akifunga duka, anavaa koti, anasimama nyuma kabisa ya mahema akiwa na penseli na nakala ya wasifu aliouchapa, na popote watu walipoanza kusalimiana au kutoa simu mfukoni, anatia alama. Baada ya mwaka alikuwa na rundo la karatasi zenye alama, akazilinganisha. Shule hazisikilizwi. Vyeti havisikilizwi. “Aliwapenda wote bila ubaguzi” ndipo watu wanapoulizana chakula ni saa ngapi. Lakini penye kusema kwamba marehemu hakuwahi kumwazima mtu jembe lake, au kwamba alikuwa akiigombeza redio wakati wa habari, vichwa vyote vinainuka, na wapo wanaocheka huku wakifuta machozi. Kwa hiyo alitoa ya jumla akaacha mifano. Yaani alifanya kinyume cha nilichomfundisha, na watu wakaanza kutoka Gilgil na Subukia kumtafuta.

Habari hizo zilinifikia na sikuzifurahia. Nilisema maneno fulani kuhusu fundi cherehani anayejiita daktari, nikayarudia kwa watu kadhaa, na bila shaka yakamfikia.

Kisha baba yangu akafariki, mwezi wa nne, akiwa na miaka tisini na mmoja. Mzee Kipkemei alikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba makubwa ya ngano ya Mau Narok, na nguvu zilipopungua akalima viazi. Mimi Kipruto ni kifungua mimba wake na ndimi msomi wa boma, kwa hiyo niliandika wasifu wake kwa siku tatu. Zikaja kurasa kumi na moja. Nne kati ya hizo zilieleza jinsi alivyonisomesha na matunda ya elimu hiyo, pamoja na tarehe nilizopandishwa cheo. Pasta alizipima mkononi kama mtu anayekadiria kilo za nyama, akanirudishia.

“Mwalimu, moja.”

Nilijaribu mwenyewe usiku na mchana. Niliweza kufika tisa. Mtu aliyefundisha ufupisho miaka thelathini na mmoja alikaa mezani akamwambia kila mtu nyumbani kwamba kurasa hizi hazifupishiki, ni jambo la kitaalamu. Mwosha huoshwa. Siku ya nne nikapanda ngazi za saiba.

“Mwalimu! Karibu, karibu. Pole sana kwa Mzee.”

“Nishapoa. Nimeleta kazi kidogo tu. Ni kunyoosha hapa na pale.”

Awuor alizihesabu. “Hii ni kumi na moja.”

“Ni mtu wa miaka tisini na mmoja.”

“Kuna mwenye alikuwa na mia na tatu, akaingia kwa moja.”

Alichukua penseli akaanza kusoma. Niliketi kwenye benchi katikati ya watu waliongoja picha za pasipoti, nikaangalia maisha yangu yakipigwa mistari. Hakuwa na haraka wala hasira. Hilo ndilo lililoniuma, maana mimi nilipokuwa nikikata kazi yake nilikuwa nikifurahia.

“Hapo ni mwaka niliofanywa naibu mwalimu mkuu,” nikasema. “Hiyo si hoja?”

“Ni hoja, Mwalimu. Lakini siku yako haijafika.”

Wa picha za pasipoti wakacheka. Alipomaliza alifunika karatasi zote akaniambia nimweleze Baba bila kuzitazama. “Ongea kama uko kwa simu na credo inaisha. Mzee alikuwa nani?”

“Alizaliwa katika familia ya—”

“Imekatika. Piga tena.”

“Alikuwa mtu wa watu, mcha Mungu, aliyependa—”

“Imekatika.”

Nikapiga tena. Nikasema kwamba Baba alikuwa akiipigia kombaini mluzi asubuhi kabla ya kuiwasha, vilevile kama alivyowapigia ng’ombe wetu, na ikikataa kuwaka alikuwa akiiomba msamaha. Sikuwa nimeliandika hilo mahali popote katika kurasa kumi na moja. Awuor aliandika bila kuinua kichwa. Kisha akaweka penseli chini, akashusha sauti ili watu wa benchi wasisikie.

“Mwalimu, kuna dada alikuja jana kutoka Subukia. Chepkemoi.”

Sasa hapa sina budi kusema jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa likisemwa. Baba alikuwa na mwanamke Subukia, Jepleting, aliyekwisha kufa, na huyo mwanamke alimzalia binti mmoja. Kila mwisho wa mwezi, miaka nenda miaka rudi, Baba alikuwa akishuka Subukia na gunia la viazi, anarudi kesho yake bila gunia. Sisi watoto sita wa Mau Narok tulikua tukijua, na tulijua pia kwamba hatujui. Nilipochukua uongozi wa boma niliifanya iwe sheria: jina la Chepkemoi lisitajwe, kwa heshima ya Mama. Mama mwenyewe sikumuuliza. Mtu haulizi heshima, anaipeleka.

“Alitaka nini?” nikauliza.

“Mstari mmoja. Amesema hataki shamba, hataki hata kuketi mbele. Anataka tu kwa programu ionekane ako na baba. Watoto wake huulizwa shule babu yao ni nani, na hawana kitu ya kuonyesha.”

Msomaji asiye wa huku huenda akaona ni jambo dogo. Kwetu programu ya mazishi haitupwi. Huwekwa sandukuni pamoja na hati ya shamba, na siku chifu anapotaka kujua nani ni nani katika boma fulani, huomba aonyeshwe hiyo kwanza. Aliyemo ni mtoto. Asiyekuwamo atajieleza mpaka azeeke. Chepkemoi alilijua hilo, nami nililijua, na ndiyo sababu nilikuwa nimekwisha kuandika mwishoni mwa ukurasa wa kumi na moja: “Ameacha watoto Kipruto, Jerotich” na wenzetu wanne, “na wengine.” Chepkemoi nilikuwa nimemfanya wengine. Si uongo, ni ufupisho.

“Ukurasa ni mmoja,” nikamwambia Awuor. “Majina hayawezi kuenea. Na unakumbuka kanuni.”

“Toa majina ya watu.”

“Vizuri.”

“Basi nikitoa, natoa yote. Siwezi kuacha sita niondoe moja, hiyo si kufupisha. Hata ya Mwalimu itatoka.”

Nilifikiri kidogo. Jina langu kutoka lilikuwa pigo, lakini nilikuwa nimepata nilichotaka, tena kwa kinywa cha mwanafunzi wangu. “Kanuni ni kanuni,” nikasema.

“Majina nitatoa, Mwalimu. Watu siwezi.”

Nilidhani ni adabu tu, namna fulani ya kunikubalia. Nikamwambia asante.

Kesho yake alinipa ukurasa. Niliupokea nikasimama kando ya dirisha, nikatoa kalamu yangu nyekundu ambayo bado huiweka mfuko wa shati, nikahesabu. Maneno mia mbili tisini na tisa. Nikatafuta neno Subukia, halikuwepo. Nikatafuta Chepkemoi, halikuwepo. Nikatafuta “wengine,” nalo halikuwepo, hata nikaona amefupisha vizuri kuliko mimi. Nikamwambia achape mia tatu. Nilihesabu maneno yale mara mbili, sikuyasoma hata mara moja.

Tulimzika Baba Ijumaa. Mau Narok kulikuwa na baridi yake, matope yake, na mahema manne. Sisi wa nyumbani tulikaa hema la mbele na Mama katikati, mwenye miaka themanini na minne, amefungwa leso mbili na blanketi. Dada yangu Jerotich alikuwa kushoto kwake, na kwenye kiti kilichofuata aliweka mkoba wake mkubwa mweusi. Nyuma kabisa, karibu na masufuria, nilimwona Awuor amesimama na koti lake na penseli. Chepkemoi alikuwa kiti cha mwisho cha hema la mwisho, na wavulana wawili waliovaa sare za shule. Nilimwona mara moja, maana ana uso wa Baba mzima mzima. Nikaangalia pembeni.

Nilishika maikrofoni nikasoma. Lazima niseme kweli, sijawahi kusikilizwa vile, hata darasani nilipokuwa na kiboko. Nilipofika kwenye mluzi wa kombaini wazee waliolima naye walipiga makofi, mmoja akapiga mluzi wenyewe, na watu wakacheka na kulia papo hapo. Hakuna aliyetoa simu. Nilikuwa nimeanza kufurahia sauti yangu, ndipo mdomo wangu ukasema, kwa ufasaha wote nilio nao, “Ameacha mjane na watoto saba.”

Sikuweza kuyameza. Yalikuwa yamekwisha kupita kwenye spika mbili kubwa na kwenda mpaka barabarani.

Kwetu watoto wakitajwa husimama watu wawaone. Emsii, mtu mchangamfu wa kukodiwa asiyejua lolote, akachukua maikrofoni yake. “Haya, watoto saba wa Mzee, simameni tuwasalimie!” Ndugu zangu watano wakasimama. Mimi nilikuwa tayari nimesimama. Emsii akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. “Naona sita. Wa saba ameenda wapi?”

Watu mia tatu wakaanza kuhesabu. Waliokuwa na programu mkononi waliinama kuangalia, na pale palikuwa pameandikwa saba, kwa herufi nzuri zinazosomeka. Jerotich akanivuta koti. “Sema ni makosa ya kuchapa,” akanong’ona. “Sema haraka.”

Nilitazama nyuma. Awuor alikuwa ananitazama, hakutia alama yoyote. Chepkemoi hakusimama. Angeweza, idadi ilikuwa yake, lakini alikaa ameshika magoti ya wanawe wawili, mkono mmoja kila upande, akaniangalia mimi. Nikaelewa kwamba karatasi haikumtosha. Alitaka kuitwa.

Lilihitajika neno moja. “Sita,” au jina lake. Lolote kati ya hayo mawili lingemaliza jambo. Nikafungua kinywa, nikasema, “Ndugu zangu waombolezaji, kama mjuavyo, maisha ya wazee wetu wa zamani yalikuwa na mapito mengi, na katika hali ya kibinadamu, ukizingatia mazingira ya wakati ule wa kazi za mashambani, si rahisi kwa mtu wa leo kuelewa, na ndiyo maana sisi kama familia, baada ya kutafakari kwa kina—”

Nilikuwa nikiendelea. Kwa kweli sijui ningeishia wapi. Nilisikia wenye viti vya nyuma wakianza kusalimiana.

“Chepkemoi,” Mama akaita.

Hakuwa na maikrofoni na hakupaza sauti, lakini alisikika mpaka kwenye masufuria.

“Kuja ukae hapa na wenzako. Kuja na hao watoto.”

Chepkemoi akasimama. Kutoka hema la mwisho mpaka la mbele ni safari ndefu kwa mtu anayetazamwa, na matope yalimfanya aende polepole, mvulana mmoja mbele yake na mmoja nyuma. Watu walivuta magoti wampishe. Alipofika, Mama alimtazama Jerotich mpaka Jerotich akautoa mkoba kwenye kiti akauweka mapajani. Chepkemoi akaketi. Mama akauchukua mkono wake, akauingiza chini ya blanketi pamoja na wake, kama mtu aliyekuwa amejua muda mrefu mahali pa kuuweka.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemlinda Mama dhidi ya jambo ambalo mwenyewe hakuwa akiliogopa. Niliona aibu.

Mama akaniinulia kidevu. “Na wewe soma umalize. Watu hawajakula.”

Nikasoma mistari iliyobaki huku sauti ikinikatika, na watu wakadhani ninamlilia Baba.